Ufufuo wa Yesu tumeufanya mada ya Pasaka na mazishi. Mitume walihubiri nini siku nyingine zote?

#1 Mwinjilisti wa Kusini

Wakuu, heri ya siku.

Majuma ya kuelekea Pasaka ukipita barabarani unakutana na mabango: "Pasaka ya kufufua uchumi wako", "Ufufuo wa ndoa yako ni leo", "Kila kilichokufa kitafufuka, njoo na picha ya kiwanja". Hilo la mwisho nimelitia chumvi, ila mnajua ninachosema.

Sina ugomvi na mtu anayeombea duka lake. Kinachonikera ni kwamba humo ndani Yesu aliyetoka kaburini anatajwa dakika mbili, kisha anageuka mfano wa mambo yetu. Jumatatu ya Pasaka ikipita, ufufuo unafungiwa kabatini mpaka afe mtu, tuusikie tena makaburini mchungaji akitupia udongo juu ya jeneza.

Fungua Matendo ya Mitume uone wenzetu walivyofanya. Sura ya 1 wanatafuta wa kuziba nafasi ya Yuda. Petro anataja kazi ya huyo mtu: awe shahidi wa kufufuka kwake Yesu pamoja nao. Basi. Hayo ndiyo maelezo ya kazi ya utume. Sura ya 2, siku ya Pentekoste, msalaba umepewa mstari wa 23, na kugusiwa tena kwa neno moja katika wa 36. Kuanzia 24 hadi 32 ni ufufuo mtupu, na Zaburi ya 16 imeletwa kama ushahidi. Sura ya 4 wanakamatwa, na Luka anasema wazi kilichowaudhi Masadukayo, kundi la Kiyahudi lililokana ufufuo: watu hawa walikuwa wakihubiri ufufuo wa wafu katika Yesu. Paulo akifika Athene, hotuba yake pale Areopago, kama ilivyoandikwa katika sura ya 17, haiutaji msalaba hata mara moja. Inaishia kwenye ufufuo, na hapo ndipo wasikilizaji wanaanza kucheka. Mbele ya Baraza kule Yerusalemu anasema anahukumiwa kwa ajili ya tumaini la ufufuo. Mbele ya liwali Feliki anarudia. Mbele ya mfalme Agripa anasema tena, mpaka liwali Festo anapaza sauti kwamba elimu nyingi imemtia wazimu.

Hebu fikirini. Mtu anayefundisha watu wapendane na walipe kodi haambiwi ana wazimu.

Kisha kuna Korintho. Paulo anaandika akiwa Efeso, yapata mwaka 54 au 55, kwa kanisa alilolianzisha mwenyewe. Wengi hudhani waliomsumbua pale walikataa kwamba Yesu alifufuka. Soma 1 Wakorintho 15:12 taratibu. Kufufuka kwa Kristo walikuwa wamehubiriwa na wakapokea. Walichokikataa ni kwamba wafu watafufuka. Kwa Mgiriki aliyesoma, roho kuachana na mwili ndiyo habari njema, na kurudishiwa mwili ni sawa na mfungwa aliyemaliza kifungo kurudishwa gerezani. Walitaka Yesu mshindi, ila miili yao isiguswe. Paulo anawafungia njia: kama wafu hawafufuki, Kristo naye hakufufuka, na kama hakufufuka, "kuhubiri kwetu ni bure, na imani yenu ni bure". Anakwenda mbali zaidi na kusema kwamba hapo yeye na wenzake wangekuwa mashahidi wa uongo juu ya Mungu. Yaani mtume mwenyewe anakuandikia kwenye barua jinsi ya kuivunja dini yake. Mlete Yesu aliyekufa na akabaki amekufa, basi kila kitu kimeisha.

Na wale wa mabango wana babu zao kwenye Biblia. Barua ya pili kwa Timotheo, sura ya 2, inawataja Himenayo na Fileto, waliosema ufufuo umekwisha kupita. Wasomi wengi huelewa kwamba waliufanya jambo la kiroho, limeshatokea moyoni, tusonge mbele. Barua inasema mafundisho yao yanaenea kama donda ndugu.

Hoja yangu ni hii: Ukristo ulianza kama taarifa ya tukio. Mtu fulani, aliyeuawa na serikali fulani, mji fulani, Mungu amemfufua. Maadili, sala, sakramenti, uponyaji, vyote vilifuata nyuma ya taarifa hiyo. Sisi tumevibeba vilivyofuata, taarifa tumeiacha njiani.

Naomba kuwasilisha.

#2 Thoma wa Temeke

Nimekaa siti ya mbele.

Mkuu, uzi mzuri na umepangilia. Mimi si muumini, nililelewa kanisani nikatoka, kwa hiyo nitauliza bila kukwazana. Unasema ni taarifa ya tukio. Taarifa huchunguzwa. Mathayo anasema wanawake waliokwenda kaburini ni wawili. Marko, watatu. Luka anataja watatu kwa majina na "wengine". Yohana ana Mariamu Magdalene tu. Malaika kwa Mathayo mmoja, kwa Marko ni kijana amevaa nguo nyeupe, kwa Luka wanaume wawili, kwa Yohana malaika wawili. Tena Mathayo anawapeleka wanafunzi Galilaya wakati Luka anawaambia wasitoke mjini. Kesi yenye mashahidi wa namna hii ingefika hata Mahakama ya Mwanzo?

#3 Mama Kwaya

Naunga mkono hoja kwa asilimia kubwa, ila mleta uzi usituchanganye wote kwenye kapu moja.

Sisi Wamoraviani alfajiri ya Pasaka tunakuwa makaburini. Desturi hii ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, vijana wa kiume wa kanisa walipopanda kilimani kwenye makaburi yao kabla ya jua wakaimba habari za ufufuo. Ikasafiri na wamisionari kila walikokwenda, na Rungwe wamefika tangu 1891. Mnatoka usiku, matarumbeta mbele, mnasimama katikati ya makaburi ya bibi zenu na wajomba zenu, jua linawakuta hapohapo mnakiri imani. Mtoto aliyepitia hayo huwezi kumwambia ufufuo maana yake duka kuchangamka.

Ila kwenye nyimbo nakubali. Kalenda ya kanisa inatoa siku hamsini za Pasaka, hadi Pentekoste. Sisi wanakwaya wiki ya pili tu tumeshafunga madaftari ya Pasaka, tunafanya mazoezi ya mashindano.

#4 Mwinjilisti wa Kusini

Mama Kwaya, shikamoo, umenikamata pazuri. Nimewahi kusimama kwenye ibada kama hiyo na nasema kama makanisa yote yangeanzia makaburini, uzi huu usingekuwepo.

Thoma wa Temeke, maswali yako ni ya haki na sitajaribu kuzishonea Injili nne ziwe moja. Kuna waliojaribu tangu karne ya pili. Tofauti zipo, naziacha zilivyo. Ila anza mahali pa zamani kuliko Injili, 1 Wakorintho 15:3-8. Paulo anasema "niliyapokea", maana yake alipewa na waliomtangulia: Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akamtokea Kefa, yaani Petro, kisha wale Thenashara, yaani mitume kumi na wawili, kisha ndugu zaidi ya mia tano ambao wengi wao wangali hai, kisha Yakobo, kisha mitume wote. Mjerumani Gerd Lüdemann, profesa aliyekataa katakata kwamba Yesu alifufuka, alikubali kwamba maungamo hayo yalitungwa ndani ya miaka michache sana baada ya kusulubiwa. Hadithi ya kukua taratibu kwa vizazi haipati nafasi hapo.

Tazama na majina yenyewe. Yakobo ndugu yake Yesu: Yohana 7:5 inasema ndugu zake hawakumwamini. Baadaye tunamkuta akiongoza kanisa la Yerusalemu, na Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi ambaye hakuwa Mkristo, anasimulia jinsi alivyouawa kwa kupigwa mawe mwaka 62. Mtu kumkiri kaka yake wa nyumba moja kuwa Bwana na kufia hapo, mimi naona ni jambo zito. Ndugu zetu ndio wa mwisho kutusadiki.

Halafu wanawake. Yosefo huyohuyo anaandika kwamba ushahidi wa wanawake usipokelewe. Mpinzani mmoja wa Ukristo karne ya pili, Selso, aliudhihaki ufufuo kwa hoja kwamba aliyeuona ni mwanamke aliyerukwa akili. Injili zote nne, pamoja na tofauti ulizoorodhesha, zinakubaliana kwamba waliofika kwanza ni wanawake, na Mariamu Magdalene yumo kwenye zote. Anayetunga habari ili aaminike hawaweki hao mbele.

#5 Thoma wa Temeke

Sawa. Lakini ona, orodha ya Paulo haiwataji hao wanawake hata mmoja. Na yote uliyosema yanathibitisha kwamba waliamini kweli. Mtu anaweza kuamini kweli kitu kisicho kweli. Kuna watu wamemuona marehemu mama yao sebuleni na wanaapa.

#6 Mwinjilisti wa Kusini

Kweli, Paulo hawataji, na inawezekana kabisa orodha ile ilitengenezwa kwa ajili ya masikio ya watu waliofikiri kama Yosefo. Waandishi wa Injili hawakuona haja ya kuficha.

Kuhusu kumuona marehemu sebuleni: Wayahudi na Wagiriki wa wakati ule nao walijua mizimu na njozi. Walikuwa na maneno yake. Luka anasema wanafunzi wenyewe walidhani wanaona roho. Mtu akimuona marehemu anahitimisha kwamba marehemu yuko huko kwa wafu, hahitimishi kwamba kaburi liko tupu na mwisho wa dunia umeanza. Hawa walihitimisha hivyo, na wakatangaza hapohapo Yerusalemu, mji aliozikwa.

Lakini nitakuambia waziwazi: historia itakuonyesha kwamba waliamini mapema mno, na kwamba walikuwa na kila sababu ya kukaa kimya. Haiwezi kukulazimisha useme Mungu alifanya. Pale panahitaji imani, na sioni aibu kusema hivyo. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba hata kama halikutokea, "ujumbe" unabaki. Paulo anasema haubaki.

#7 Bint Forodhani

Assalamu alaykum, na wengine habari zenu.

Mimi Muislamu, nilikuwa napita nikakuta mmekaa vizuri bila matusi, nikasema leo nichangie. Kwetu kufufuliwa wafu ni katika nguzo za imani, asiyeamini Siku ya Mwisho hana Uislamu. Surat Yaasin, ambayo aliyewahi kukaa matangani huku kwetu ameisikia, karibu na mwisho wake kuna yule anayeuliza nani ataihuisha mifupa ikiwa imekwisha oza. Jawabu: ataihuisha Aliyeiumba mara ya mwanzo. Kwa hiyo hilo la Mungu kufufua halitushindi, wala hatumcheki anayelisema kama wale wa Athene.

Tunapoachana ni An-Nisaa aya ya 157, kwamba hawakumuua wala hawakumsulubu. Asiyekufa hafufuki. Hilo mnalijua, mihadhara yote ya Wakristo na Waislamu huku pwani inaishia hapo watu wakapandishana presha. Mimi nina suali jingine. Ikiwa Mwenyezi Mungu atawafufua watu wote Siku ya Kiyama, huyu mmoja kutangulia kunaongeza nini? Manabii wamefanya miujiza mingi, mbona huu ndio mkaufanya dini nzima?

#8 Mwinjilisti wa Kusini

Wa alaykum salaam dada yangu. Tangu nianze kujadili mambo haya mitandaoni sijaulizwa swali zuri kama hili.

Wayahudi wa wakati wa Yesu, hasa Mafarisayo, waliamini kama unavyoamini wewe: wafu watafufuka mwisho. Martha anapoambiwa ndugu yake atafufuka anajibu kama mtoto wa madrasa aliyeshika somo vizuri: najua, siku ya mwisho. Ambacho hakuna aliyekitarajia ni mmoja kutangulia wengine, katikati ya historia, watu wakiendelea kulima na kuoa. Tena mmoja gani? Aliyetundikwa mtini. Torati, Kumbukumbu 21, inasema aliyetundikwa amelaaniwa na Mungu. Mahakama ya dini ilimwona mkufuru, mahakama ya Kirumi ikamwua kama muasi. Mungu akimfufua huyo, amezibatilisha hukumu zote mbili. Ndiyo maana Petro anahubiri kwa kurudiarudia: ninyi mlimwua, Mungu akamfufua. Ufufuo kwetu ni hukumu ya rufaa kabla haujawa faraja.

Halafu unatuambia hakimu ni nani. Wewe na mimi tunakubali kuna Siku ya Hukumu. Paulo kule Athene anasema Mungu amemchagua mtu atakayehukumu, na uthibitisho aliowapa watu wote ni kumfufua. Na pia Paulo anamwita Kristo limbuko, yale mavuno ya kwanza yanayoletwa mbele za Mungu. Ukishaona limbuko unajua shamba limeiva.

Ila una haki kwamba kuamini tukio peke yake hakumfanyi mtu Mkristo. Pinchas Lapide, msomi Myahudi mshika dini, aliandika miaka ya 1970 kwamba kwa uchunguzi wake Mungu kweli alimfufua Yesu. Na alibaki Myahudi hadi kufa kwake. Kwake Yesu alifufuliwa, lakini hakuwa Masihi wa Israeli. Thoma, huyo naye mzidishe kwenye hesabu zako.

#9 Bint Forodhani

Nimekufahamu. Sikukubali, lakini nimekufahamu. Hilo la hukumu ya rufaa sikuwahi kuelezwa, wahubiri wenu wakija uwanjani wanakazania damu tu. Nabaki nasoma.

#10 Kampala Road

Wakuu, niwape kitu kutoka huku kwetu, maana naona mnazungumza sana habari za mwaka 54.

Februari 1977, utawala wa Idi Amin. Maaskofu wa Kanisa la Uganda walikuwa wameandika barua kali kulalamikia mauaji na watu kupotezwa. Tarehe 16 Askofu Mkuu Janani Luwum akashikwa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ikatangaza kwamba wote watatu wamekufa kwa ajali ya gari. Hakuna aliyeamini.

Wakristo wakamchimbia Luwum kaburi Namirembe, kwenye kanisa kuu la Kianglikana Kampala, karibu na la Askofu James Hannington, yule aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Mwili haukuja. Ulipelekwa kaskazini kijijini kwao, Mucwini, ukazikwa kule. Ibada ya kumkumbuka ilikuwa imekatazwa. Jumapili watu wakaja vivyo hivyo, maelfu, kanisa likafurika. Wakatoka nje wakasimama kuzunguka lile shimo lisilo na mtu, na Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti akatamka maneno ya malaika: hayupo hapa, amefufuka.

Mzee wangu husimulia habari hii kila mwaka tarehe hiyo ikifika, sasa ni sikukuu ya taifa. Kila akifika pale kwenye shimo anasimama kwanza. Amin alidhani ameficha mwili ili watu wasiwe na pa kulilia. Kumbe amewapa kaburi tupu, kitu ambacho Mkristo yeyote anajua la kukisemea.

Sasa mleta uzi, niongezee swali kwa wale wa mabango: siku ile, mbele ya shimo lile, na askari wa usalama wamechanganyika na waumini, "fufua uchumi wako" ingesaidia nini?

#11 Mama Kwaya

Kampala Road, umeniliza mchana kweupe.

#12 Katekista wa Kigango

Tumsifu Yesu Kristo.

Naongezea alipoishia wa Kampala. Watawala wenye kutesa wameelewa uzito wa jambo hili kuliko sisi wenyewe. Mwaka 177 kule Lyon, Gaul, ambayo leo ni Ufaransa, waliuawa Wakristo wengi, miongoni mwao Askofu Pothino aliyepita miaka tisini, na Blandina, mtumwa wa kike. Barua ya kanisa lao imehifadhiwa na Eusebio, mwanahistoria wa kanisa la kale. Inasema miili yao ilianikwa nje siku sita, kisha ikachomwa na majivu yakamwagwa mto Rhône. Kwa nini wahangaike na maiti? Barua inataja sababu waliyoisema watesaji: ili wasiwe na tumaini la ufufuo, maana wakiutumaini huo ndipo wanakwenda kifoni kwa furaha.

Mpagani alielewa kwamba hawa wanazungumzia mwili. Sisi kila Jumapili tunasema kwenye Nasadiki "ufufuko wa miili", halafu kwenye msiba msemaji wa familia anasimama: "Hapa tuna ganda tu, mwenyewe ameshakwenda." Ganda? Huo mwili ulibatizwa, ulipakwa mafuta, ulikula Ekaristi, ulinyonyesha watoto sita. Mnauosha na kuuvisha nguo nzuri kwa nini kama ni ganda?

Mtaguso wa Nikea mwaka 325, kanuni ya 20, uliagiza kwamba siku za Jumapili na siku zile hamsini za Pasaka watu wasali wamesimama, wasipige magoti. Mababa wa kale walieleza kwamba kusimama ni ishara ya ufufuko. Waliutia hata kwenye magoti.

#13 Sabato Njema

Katekista leo nakuunga mkono na sikutegemea kabisa.

Tatizo mnaligusa kwa mbali bila kulitaja. Mmefundisha watu kwamba mtu akifa roho yake inapaa mbinguni siku hiyohiyo, ameshafika, anatuombea, anapumzika kifuani pa Ibrahimu. Kama ameshafika, ufufuo wa nini tena? Mmeufanya kuwa nyongeza. Mhubiri 9:5, wafu hawajui neno lolote. 1 Wathesalonike 4, Bwana atashuka, waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza. Paulo hakuwaambia wafiwa wa Thesalonike "msilie, yuko mbinguni". Aliwaambia watafufuka. Rudisheni fundisho la usingizi wa mauti, ufufuo utarudi wenyewe kwenye nafasi yake.

Na mkiwa hapo, mtueleze ni wapi ufufuo ulihamisha Sabato kutoka Jumamosi kwenda Jumapili.

#14 Katekista wa Kigango

Nilijua utafika tu.

Luka 23:43, leo hii utakuwa pamoja nami peponi. Wafilipi 1:23, kwenda zangu nikae na Kristo. Wafu wetu wako na Kristo, hilo hatuliachi. Lakini nakubali mahubiri yetu yanaishia katikati ya njia: yanasimulia habari za roho kupumzika, yanasahau kwamba hata watakatifu walioko mbinguni wanangojea miili yao.

Jumapili: Yustino, mfiadini wa Roma, akiandika katikati ya karne ya pili, anasema Wakristo hukusanyika siku ile kwa sababu ndiyo Mungu alianza kuumba na ndiyo Yesu alifufuka. Muda mrefu kabla ya Konstantino, Kaisari wa Roma aliyeifanya Jumapili siku ya mapumziko.

#15 Sabato Njema

Yustino si Biblia.

#16 Mwinjilisti wa Kusini

Wakuu wangu wawili, la Sabato mkalifungulie uzi wake, humu litameza kila kitu, tunalijua.

Ila hoja ya kwanza ya Sabato Njema tusiipite. Hata sisi tusiokubali usingizi wa mauti tunapaswa kujibu kwa nini Paulo alipotaka kuwafariji wafiwa alikwenda moja kwa moja kwenye siku ya kurudi kwa Bwana. Nadhani ni kwa sababu faraja ya roho peke yake inamwachia mauti nusu ya mali. Mwili unaoliwa na mchwa, aliyekufa kwa kansa akiwa amekonda, mtoto aliyezaliwa hajalia. Hao nao Mungu anawadai. Ndiyo maana ile sura ya 15 ya 1 Wakorintho inamaliza hoja yake kwa kuyadhihaki mauti: uko wapi uchungu wako? Na mstari wa mwisho, wa 58, unashuka ghafla kwenye kazi: imarikeni, msitikisike, mkazidi sana kuitenda kazi ya Bwana, kwa maana taabu yenu si bure. Hapo ndipo biashara yako na shule na shamba vinapoingia. Vina thamani kwa sababu dunia hii ya miili Mungu hajaitupa. Mabango yamelianza jambo kwa mkiani.

#17 Thoma wa Temeke

Mleta uzi, unawasema wa mabango lakini hujagusa la wanaofufua watu kabisa. Mtu wa kawaida leo ukimwambia ufufuo anakumbuka ile video ya Johannesburg ya Februari 2019, mtu anainuka kwenye jeneza kaduwaa, kanisa linapiga kelele, kisha kampuni za mazishi zinajitokeza kusema zilidanganywa zikashirikishwa na zinakwenda mahakamani. Bara zima lilicheka. Ushuhuda gani utabaki baada ya hapo?

#18 Mwinjilisti wa Kusini

Mkuu, hilo ni jeraha. Nami nilicheka, kisha nikaona aibu.

Nitasema mambo mawili. Lazaro, binti Yairo, kijana wa Naini, hao walirudishwa kwenye maisha haya na walikufa tena. Warumi 6:9 inasema Kristo akiisha kufufuka hafi tena. Kwa hiyo hata kama kesho mchungaji angemfufua mtu kweli, kwa vyeti vya hospitali, hiyo isingekuwa Pasaka. Ingekuwa Lazaro mwingine, na angemzika baadaye.

La pili, angalia Injili zilivyo kimya. Hakuna hata moja inayosimulia Yesu akitoka kaburini. Hakuna umati, hakuna anayepaza sauti. Wanawake wanakuta limeshatokea. Kitabu kimoja cha baadaye, kinachoitwa Injili ya Petro, hakikuvumilia kimya hicho kikatunga: wanaume wawili wanatoka kaburini vichwa vimefika mbinguni, wamemshika wa tatu aliyewapita kimo, msalaba unawafuata nyuma na kusema. Kanisa halikukiingiza kwenye Biblia. Video ya Johannesburg ina ukoo na kitabu kile.

Na baada ya kutokea hakwenda kwa Pilato kumwonyesha. Alikwenda kwa waliomkimbia.

#19 Thoma wa Temeke

Hilo la Pilato nitalifikiria. Ningekuwa mimi ningeanzia hapo.

Sasa, kwa kuwa umetaja Injili kukaa kimya: Marko 16. Nakala za kale zinaishia mstari wa 8, wanawake wanakimbia na hawamwambii mtu neno kwa kuogopa. Kumi na mbili iliyofuata imeongezwa. Injili ya kwanza kuandikwa haina Yesu anayeonekana baada ya kufufuka. Utaniambia hilo nalo ni dogo?

#20 Mwinjilisti wa Kusini

Si dogo. Nakala mbili kubwa za karne ya nne, ya Sinai na ya Vatikani, zinaishia mstari wa 8 kama usemavyo. Ila usiseme Marko hana ufufuo: mstari wa 6 kijana anatangaza amefufuka, mstari wa 7 anaahidi kwamba watamwona Galilaya, na tangu sura ya 8 Yesu ametabiri mara tatu. Kwa nini mwandishi aliishia kwenye hofu, au kama mwisho wake ulipotea, hilo linahitaji nafasi. Lifungulie uzi, nitakuja.

#21 Thoma wa Temeke

Naufungua wiki hii. Bint Forodhani, Katekista, Sabato Njema, Mama Kwaya, wa Kampala, mnaalikwa wote.

#22 Bint Forodhani

Inshallah. Nitag.

#23 Sabato Njema

Nitakuwepo, ila usiufungue Ijumaa jioni.